DIVAI NYEKUNDU: SUBIRA NAYO INA KIASI CHAKE

Katika nyumba nyingi za mijini ipo chupa moja isiyoguswa. Aghalabu imesimamishwa juu ya kabati la sebuleni, kando ya picha ya harusi, na watoto wamekwisha onywa kwamba atakayeisogeza atakiona cha mtema kuni. Ni chupa ya divai nyekundu iliyoletwa kwa zawadi miaka mingi iliyopita. Mwenye nyumba akiulizwa kwa nini haifungui, hujibu pasipo kusita kwamba divai kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa njema.

Baba yangu mkubwa alikuwa na chupa ya namna hiyo. Alipostaafu kazi mwaka 2009, mafundi wenzake wanne wa karakana walichangishana fedha wakamnunulia divai ya Kifaransa ya Bordeaux, yenye mwaka 2007 kwenye lebo yake. Mzee aliiweka juu ya kabati nyumbani kwake Temeke, chini ya paa la bati, akaapa kwamba haitafunguliwa mpaka siku ya kumuaga binti yake wa mwisho. Siku hiyo iliwadia mwaka 2021. Mjomba alipoingiza kizibuo, kizibo kikamomonyoka kama mkate mkavu. Kilichomiminika katika bilauri kilikuwa na rangi ya chai iliyolala na harufu ya siki. Mzee alionja mbele ya wageni, akanyamaza, akaiweka bilauri chini.

Kosa halikuwa la mwenye duka, wala la divai yenyewe. Kosa lilikuwa la ile imani kwamba kila divai nyekundu hungoja, na kwamba hungoja milele. Leo nataka tuizungumze imani hiyo, kwa sababu imewagharimu watu wengi fedha zilizopatikana kwa jasho, na pengine imewagharimu zaidi ya fedha. Wasomaji ambao kwa dini au kwa afya zao hawatumii kileo nawaomba radhi. Safu hii haimshawishi mtu yeyote anywe. Inasema na yule ambaye chupa tayari anayo, au anayekusudia kumpelekea rafiki yake.

UKAKASI NA RANGI

Divai nyekundu hupata wekundu wake katika maganda ya zabibu. Maji ya zabibu nyingi nyeusi, yakikamuliwa peke yake, hayana rangi ya kutajika. Ni pale yanapoachwa yachachuke pamoja na maganda na kokwa ndipo yanaponyonya wekundu, na pamoja na wekundu huo kitu kingine kiitwacho tanini. Tanini si ngeni kwako, msomaji. Ndiyo inayoleta ukakasi wa bibo, wa ndizi mbichi, na wa chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni na majani yake mpaka ikawa nyeusi. Ulimi hukauka, na meno huwa kama yaliyopakwa chaki.

Divai iliyotengenezwa kwa makusudi ya kukaa miaka mingi huwa na ukakasi huo kwa wingi ingali changa, pamoja na ugwadu wa asidi. Ndiyo maana mtu akiifungua mapema huweza kudhani kwamba ameuziwa kitu kibaya. Lakini ndani ya chupa, polepole, chembechembe za tanini hushikana zenyewe kwa zenyewe, na hushikana pia na chembechembe za rangi. Hukua zikawa nzito, na baadhi yake hutua chini zikawa mashapo. Hapo ukakasi hulainika. Rangi nayo hugeuka: ile zambarau ya ujana huwa nyekundu iliyokolea, kisha nyekundu ya tofali, na mwishowe kahawia. Harufu ya matunda mabichi hupungua, na nafasi yake hushikwa na harufu ya matunda makavu, ya ngozi, ya tumbaku, na ya udongo uliolowa mvua ya kwanza.

Mfaransa Louis Pasteur, yule yule ambaye jina lake limeunganishwa na njia ya kupasha maziwa moto ili kuua vijidudu, alichapisha kitabu kuhusu divai mwaka 1866. Katika majaribio yake alifunga divai ndani ya mirija ya kioo: mingine aliijaza pomoni pasibaki hewa, mingine aliiachia nafasi ya hewa. Ile isiyo na hewa haikubadilika sana. Ile yenye hewa iligeuka rangi na kuweka mashapo upesi. Kwa hiyo akaonyesha kwamba oksijeni ina mkono mkubwa katika kuikomaza divai, na kwamba oksijeni hiyo hiyo ikizidi huiharibu. Wataalamu wa leo wanafahamu kwamba mabadiliko mengine huendelea hata pasipo hewa, lakini kanuni ya Pasteur haijatenguka. Kizibo kizuri, kilichochongwa katika gome la mti, huruhusu hewa kidogo mno kwa miaka mingi. Kizibo kilichokauka huifungulia mlango.

Basi, ndugu msomaji, maisha ya divai si mlima usio na kilele. Divai hupanda, hufika juu, hukaa hapo kwa muda, kisha hushuka. Njia hiyo kwa divai moja huchukua miezi, kwa nyingine miongo. Kazi ya mwenye chupa ni kujua anashughulika na ipi.

SI KILA DIVAI HUNGOJA

Sehemu kubwa kabisa ya divai nyekundu inayouzwa duniani hutengenezwa inywewe katika miaka michache tangu mavuno. Watengenezaji wake wamepunguza ukakasi kwa makusudi, ili mnunuzi aifurahie jioni ile ile aliyoitoa dukani. Kuiweka miaka 10 ni kama kununua embe lililoiva ukalifungia sandukuni ukingoja liive zaidi.

Mfano wa upande mmoja ni divai ya Ufaransa iitwayo Beaujolais Nouveau. Zabibu zake, aina ya Gamay, huvunwa mwishoni mwa kiangazi cha Ulaya, na divai yake huanza kuuzwa Alhamisi ya tatu ya mwezi Novemba mwaka huo huo. Ina ukakasi mdogo sana, imejaa harufu ya matunda, na hupendeza zaidi katika miezi yake ya mwanzo.

Mfano wa upande wa pili ni Barolo, ya mkoa wa Piemonte kaskazini mwa Italia. Zabibu zake, aina ya Nebbiolo, zina tanini na asidi nyingi, hata sheria ya nchi hiyo inakataza Barolo isiuzwe kabla haijatimiza miezi 38, na 18 kati ya hiyo iwe ndani ya mapipa. Barolo iliyo bora, hata baada ya kuruhusiwa kuuzwa, huweza kudai miaka 10 mingine kabla haijalainika.

Katikati ya hizo mbili wapo Wahispania wa Rioja, ambao wamejichukulia wenyewe mzigo wa kungoja. Divai yao yenye daraja la Gran Reserva haitoki ghalani mpaka iwe na umri wa miaka 5 angalau. Mnunuzi wake huipata ikiwa imekwisha pevuka, akaweza kuifungua siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo Bordeaux, jina lililokuwa kwenye chupa ya baba yangu mkubwa, si divai moja. Zipo chache zenye sifa kubwa na bei isiyosemeka, ambazo huishi miongo kadhaa. Na zipo nyingi mno za kawaida, zenye jina lile lile la mkoa, ambazo miaka 3 hadi 5 huzitosha. Jina la mahali peke yake halimpi mtu ruhusa ya kungoja.

Divai inayostahili kuwekwa ina mambo matatu kwa pamoja: ukakasi, ugwadu, na utamu wa tunda uliokolea. Likikosekana la tatu, mawili ya kwanza hayafai kitu. Divai iliyo kali tu, pasipo tunda, itazeeka na ukali wake, kama vile mtu mgomvi asivyopata hekima kwa kuota mvi.

MASHINDANO YA PARIS

Hata mabingwa wamewahi kukosea katika kuuhesabu umri wa divai. Tarehe 24 Mei, 1976, Mwingereza Steven Spurrier, aliyekuwa na duka la divai mjini Paris, aliwakusanya waamuzi 9 wa Kifaransa wenye sifa kubwa. Aliwaonjesha divai za Ufaransa na za California, Marekani, bila kuwaonyesha chupa. Nyekundu zilikuwa 10: 4 za Bordeaux na 6 za California. Alama zilipojumlishwa, iliyoshika nafasi ya 1 ilikuwa ya Stag's Leap Wine Cellars ya mwaka 1973, kutoka California. Château Mouton Rothschild ya mwaka 1970, fahari ya Ufaransa, ikawa ya 2.

Wengi walitaharuki, na hoja ikatolewa upesi: divai za California hupendeza zikiwa changa, lakini za Bordeaux zimejengwa kwa ajili ya uzee, ngojeni muone. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, na ubora wake ni kwamba inaweza kupimwa. Ikapimwa. Mwaka 1986 divai hizo nyekundu zilionjwa tena, nayo Clos Du Val ya mwaka 1972, ya California, ikaongoza. Mwaka 2006, miaka 30 baada ya shindano la kwanza, zilionjwa mara nyingine, na waamuzi wakakaa London na Napa. Safari hiyo nafasi 5 za juu zote zilichukuliwa na California.

Lakini jambo linalotuhusu sisi si Marekani wala Ufaransa. Itazame divai moja tu, Ridge Monte Bello ya mwaka 1971. Mwaka 1976, ikiwa na umri wa miaka 5, ilikuwa ya 5. Mwaka 1986, ikiwa na miaka 15, ikawa ya 2. Mwaka 2006, ikiwa na miaka 35, ikawa ya 1. Ilikuwa ni divai iliyopanda polepole, wakati nyingine zilikuwa zikishuka. Nazo divai nyeupe zilizoshindanishwa mwaka 1976 hazikurudishwa mezani mwaka 1986, kwa kuwa ilionekana wakati wake umekwisha pita. Mstahimilivu hula mbivu, wahenga walisema. Lakini walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika divai methali zote mbili ni za kweli, na chupa ndiyo inayoamua ipi itumike.

JOTO LA NYUMBA ZETU

Hapa ndipo yaliyo ya Paris na yaliyo ya Temeke yanapoachana. Divai inayozeeka vizuri hulala katika ghala lenye nyuzijoto kati ya 10 na 15, gizani, mahali pasipo mtikisiko, mchana na usiku hali ikiwa moja. Kanuni ya jumla ya kemia ni kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10, mabadiliko mengi hukimbia kwa kasi inayokaribia maradufu. Chupa iliyo juu ya kabati la mtu wa pwani, ambako nyuzi 30 ni jambo la kawaida, huzeeka mbio, tena huzeeka vibaya. Tunda lake huwa kama jamu iliyopikwa kupita kiasi.

Zaidi ya hayo, mchana divai hupata moto ikatanuka na kukisukuma kizibo. Usiku hupoa ikajikunja na kuvuta hewa. Na chupa inaposimama wima, kizibo hakiguswi na divai, kikakauka na kusinyaa. Mzee wetu aliisimamisha chupa chini ya bati kwa miaka 12. Hata divai iliyokuwa bora kuliko yake isingestahimili.

Mwenye chupa yenye kizibo cha gome na ailaze. Ailaze chini, katika chumba cha ndani kisichopigwa na jua, mbali na jiko, ameifunga kwa gazeti (hata hili, baada ya kulisoma). Jokofu si ghala, kwa kuwa hewa yake ni kavu na mashine yake hutikisika, lakini kwa miezi kadhaa ni bora mara nyingi kuliko kabati. Chupa yenye kifuniko cha kuzungusha haihitaji kulazwa, ingawa joto huiumiza vile vile. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa asiye na mahali pa baridi, ushauri wangu ni mmoja: usiweke akiba ya divai. Nunua ya kunywa.

SIKU YA KUIFUNGUA

Kwanza soma lebo. Mwaka ulioandikwa hapo ni mwaka wa mavuno ya zabibu. Umri wa divai huhesabiwa tangu hapo, wala si tangu siku uliyopewa. Chupa isiyo na mwaka wowote, pamoja na ile divai ya kwenye boksi, imekusudiwa inywewe karibuni. Divai nyekundu ya bei ya kawaida na ifunguliwe kabla ya kutimiza miaka 3. Iliyo bora zaidi, tena iliyokaa mahali pa baridi, yaweza kufika miaka 5 hadi 8. Zile za kungoja zaidi ya hapo ni chache, na aliyekupa bila shaka atakuwa amekuambia.

Hapa kwetu Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara 2 kwa mwaka, na ambako zabibu nyekundu ya Makutupora imejipatia jina, divai nyingi hutengenezwa zinywewe zingali changa. Hiyo si kasoro. Ni divai iliyosafiri njia fupi kutoka shambani mpaka mezani, na heshima yake ni kuifungua mapema.

Pili, kagua chupa. Ikiwa divai imepungua chini ya shingo, au kizibo kimechomoza, au pana michirizi iliyokauka pembeni mwa kizibo, ujue joto limekwisha fanya kazi yake; usingoje tena hata wiki. Ukiifungua, inamisha bilauri juu ya karatasi nyeupe uangalie ukingo wa divai. Zambarau ni ujana. Nyekundu ya tofali ni utu uzima. Kahawia tupu, yenye harufu ya siki, ni mwisho. Divai hiyo si sumu, lakini haina furaha, wala hapana sababu ya kuwalazimisha wageni waisifu.

Tatu, usiinywe katika joto la mchana wetu. Wazungu husema divai nyekundu inywewe kwa joto la chumba, lakini chumba wanachokisema ni cha nyumba ya mawe yenye nyuzi 16 hadi 18. Itie katika jokofu kwa nusu saa. Kama ina mashapo, isimamishe siku moja kabla, kisha imimine taratibu pasipo kuitikisa, ukiacha kidogo chini. Ikibaki, izibe uirudishe jokofuni, na uimalize kwa kiasi katika siku 3 hadi 5.

Wasomaji wenye nafasi wanaweza kujifunza kwa njia iliyo rahisi kuliko vitabu. Nunua chupa 3 za divai moja, uzitunze mahali pamoja. Fungua moja sasa, ya pili mwakani, ya tatu mwaka wa tatu, uandike katika daftari ulichoonja kila mara. Utaiona divai ikipanda au ikishuka, na ulimi wako utakuwa mwalimu.

Wiki chache baada ya sherehe ile nilikwenda kumjulia hali baba yangu mkubwa. Nilidhani anasikitikia fedha, au aibu ya mbele ya wakwe. La hasha. Aliniambia kwamba kati ya wale mafundi wanne waliomchangia, watatu walikuwa wamekwisha fariki, na hakuna hata mmoja wao aliyeionja. "Wangeinywa siku ile ile walipoileta," alisema, "ingekuwa tamu tu." Chupa tupu bado anayo. Ameirudisha juu ya kabati, safari hii ikiwa na maua ya karatasi.

Basi jioni hii, ndugu msomaji, panda kitini uishushe ile chupa yako, ufute vumbi, usome mwaka wake. Ikiwa umri wake umetimia, usitafute sherehe kubwa kuliko watu walio hai na wenye afya mezani pako. Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.